Maelezo Kwanza, Kipimo Baadaye: Namna Mzio Unavyotambuliwa

Maandishi ya hotuba kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya, Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wetu wa dini na wa serikali za mitaa, walimu, wahudumu wa afya wenzangu, kina mama na kina baba mliofika na watoto wenu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Waandaaji wameniomba nieleze namna mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyosema, unavyopimwa na kutambuliwa. Swali ninaloletewa na wazazi mara nyingi kuliko yote ni hili: kipimo cha aleji kinapatikana wapi, na ni shilingi ngapi? Ni swali la haki kabisa, kwa kuwa mzazi aliyekesha na mtoto anayejikuna hadi ngozi inatoka damu anataka jibu la leo. Hata hivyo, swali hilo linaanzia mwisho wa kazi. Hakuna kipimo cha damu wala cha ngozi kinachoweza, peke yake, kutamka kwamba mtu ana mzio. Kipimo huthibitisha au hukanusha shaka ambayo tayari imejengwa na maelezo ya mgonjwa, na kikifanywa bila shaka hiyo, hasa katika mazingira yetu haya, hutoa majibu yanayoweza kumnyima mtoto chakula ambacho hakijawahi kumdhuru.

Mzio ni kosa la kinga ya mwili. Kinga iliyowekwa kupambana na minyoo na sumu huikamata protini isiyo na madhara yoyote, iwe ya karanga, ya kamba, ya wadudu wadogo wa vumbi la godoro au ya paka wa nyumbani, na kuitengenezea kingamwili za aina inayoitwa IgE. Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli zilizotawanyika ndani ya ngozi, pua, mapafu na utumbo, na protini ile ikiingia tena mwilini, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo. Hapo ndipo midomo huvimba, ngozi huinuka mabaka yanayowasha, kifua hubana, na kwa baadhi ya watu shinikizo la damu huporomoka kwa dakika chache hadi maisha yakawa hatarini.

Namna jambo hili lilivyogunduliwa inasaidia kuelewa vipimo vya leo. Mwaka 1921, mjini Breslau, ambao sasa ni Wrocław nchini Poland, walikuwapo madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner hakuweza kula samaki aliyepikwa bila kuvimba na kuwashwa, ilhali Prausnitz alikula samaki bila shida. Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya mwenzake, akadungwa kidogo katika ngozi yake mwenyewe, na siku iliyofuata mahali palepale pakadungwa dondoo la samaki. Ngozi ikainuka kivimbe pale palipotangulia damu ya Küstner, na si mahali pengine. Jaribio la namna hiyo halifanywi tena, kwa sababu damu ya mtu hubeba maradhi, lakini lilithibitisha kwamba ndani ya damu ya mwenye mzio mna kitu kinachoweza kuhama. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukipata kitu hicho. Mwaka 1966 na 1967 Kimishige na Teruko Ishizaka waliokuwa Denver, Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich waliokuwa Uppsala, Sweden, walikifikia kila kundi kwa njia yake, na mwaka 1968 kikapewa rasmi jina la IgE.

Vipimo vingi vya mzio tunavyovitumia leo vinatafuta IgE hiyo, moja kwa moja katika damu au kwa kuangalia athari yake katika ngozi. Naomba tuelewane vizuri hapa, kwa kuwa ndipo makosa mengi yanapozaliwa: vinatafuta kingamwili, havitafuti ugonjwa. Mtu anaweza kuwa na IgE ya karanga katika damu yake na akala karanga kila siku bila hata kuwashwa ulimi. Mtu huyo hana mzio wa karanga, hata kama karatasi ya maabara ina alama ya kujumlisha mbele ya neno karanga.

Ndiyo maana tunaanza na maelezo. Chukueni mfano wa uji wa lishe, ambao kila mmoja wetu anaujua. Mama anamleta mtoto wa miezi tisa na kusema, "Daktari, huyu ana aleji ya uji." Ndani ya unga huo mna mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, pengine ngano, ufuta, korosho, na wako wanaosagia humo dagaa, kisha mezani unaongezwa maziwa. Hakuna kipimo cha uji. Kwa hiyo namwuliza mama unga huo umechanganywa na nani na una nini, na kama umesagwa kwenye mashine ambayo mteja aliyetangulia alikuwa anasaga karanga. Namwuliza mtoto alikula kiasi gani, ni dakika ngapi zilipita kabla ya dalili, dalili ya kwanza ilikuwa ipi na ilianzia wapi, zilidumu kwa muda gani, alipewa dawa gani, na kama siku hiyo alikuwa na homa. Kisha nauliza swali ambalo mara nyingine humaliza kazi yote: tangu siku hiyo, amekula nini kati ya vitu hivyo kwa namna nyingine? Kama mtoto amelishwa mchicha wa karanga wiki iliyopita na hakudhurika, karanga imetoka katika orodha ya washukiwa bila sindano. Kama amekunywa maziwa ya ng'ombe asubuhi ya leo na yuko salama, maziwa nayo yametoka. Mara nyingi tunabaki na washukiwa wawili au watatu, na hao ndio tunaowapima.

Muda una uzito wa pekee katika maelezo haya. Mzio unaotokana na IgE hauchelewi: kwa kawaida dalili huanza ndani ya dakika chache, na ni nadra zianze baada ya saa 2. Mtoto aliyekula yai Jumatatu akatoka vipele Jumatano hana sababu ya kulishuku yai hilo kwa mzio wa aina hii. Kwa hiyo nawaomba wazazi mtumie simu zenu. Pigeni picha ya mabaka yakiwa bado yapo, kwa sababu mengi hupotea kabla ya kufika zahanati, na pigeni picha ya pakiti au ya chakula chenyewe. Andikeni saa. Picha mbili na saa iliyoandikwa nyuma ya daftari la kliniki zina thamani kuliko vipimo vingi ninavyoweza kuviagiza.

Maelezo pia hututenganishia mzio na mambo yanayofanana nao. Sisi watu wa pwani tunakula jodari na vibua. Samaki hawa wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hugeuza sehemu ya protini yao kuwa histamini, ile ile inayomwagwa na seli zetu wakati wa mzio, na kupika hakuiondoi, wala kugandisha baadaye hakuiondoi. Anayemla samaki huyo hupata wekundu na joto usoni, kichwa kinamgonga, moyo unaenda mbio, ngozi inawasha, wengine wanaharisha. Kila dalili inafanana na mzio, lakini ukiuliza vizuri utaambiwa kwamba waliokula sinia lile wote waliumwa, na kwamba mgonjwa amekula jodari maisha yake yote bila tatizo. Huyo hahitaji kupimwa, na hahitaji kuacha samaki. Kinachohitajika ni barafu kwenye mashua na kwenye meza ya muuzaji.

Mfano wa pili utawakumbusha wakubwa zetu miaka ya klorokwini, kabla Tanzania haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Watu wengi waliwashwa viganja na nyayo usiku kucha bila kutoka vipele vyovyote, na wakaandikwa katika vyeti kwamba wana aleji na klorokwini. Mwasho ule ulikuwa mateso ya kweli, na ulijulikana sana miongoni mwa Waafrika, lakini ulikuwa athari ya dawa yenyewe, usio na uhusiano na IgE. Vivyo hivyo, mtu mzima anayejaa gesi na kuharisha baada ya kunywa maziwa mara nyingi amepungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, hali ya kawaida kwa watu wazima wengi duniani, na mtindi haumsumbui sana. Huo si mzio, na kipimo cha mzio hakitamsaidia.

Tukishapata mshukiwa, kipimo tunachokipenda zaidi ni cha ngozi, kwa sababu ni cha haraka, bei yake ni nafuu kuliko damu, na mgonjwa huona jibu kwa macho yake. Nieleze kinavyofanyika, ili mtoto wenu akija asije akaogopa. Mtoto anakaa mapajani mwa mama na mkono umelazwa mezani, upande wa ndani ukiwa juu. Tunaandika namba kwa kalamu kwenye ngozi, zikiachana kama sentimita 2 au zaidi, na kando ya kila namba tunadondosha tone moja: hili la karanga, hili la maziwa, hili la wadudu wa vumbi. Matone mawili hayana chakula chochote. Moja ni maji ya chumvi tu, ambalo halipaswi kuleta kitu, na jingine ni histamini yenyewe, ambalo lazima lilete kivimbe. Kisha kwa ncha fupi ya chuma tunatoboa kidogo sana katikati ya kila tone, kila tone na ncha yake, bila kutoa damu. Tunafuta, tunasubiri dakika 15 hadi 20, na mtoto haruhusiwi kujikuna, jambo ambalo ndilo gumu kuliko yote.

Kivimbe kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi tunakihesabu kuwa jibu chanya. Yale matone mawili ya ziada ndiyo yanayotulinda na udanganyifu. Kama histamini haikuleta kitu, maana yake ngozi imenyamazishwa, na kwa kawaida aliyeinyamazisha ni kidonge cha mafua au cha kuwashwa. Piriton, setirizini na loratadini zote hufanya hivyo, kwa hiyo tunawaomba mziache siku kadhaa kabla, hadi wiki nzima kwa baadhi yake, baada ya kushauriana nasi. Na kama maji ya chumvi yameleta kivimbe, maana yake ngozi hiyo huvimba kwa kuguswa tu, na kila kivimbe kingine kilichoko mkononi hakiaminiki. Aliyepata shambulio kali tunamsubirisha wiki 4 hadi 6, kwa sababu muda mfupi baada ya shambulio seli zake huwa zimekwisha kumwaga zilichokuwa nacho na kipimo kinaweza kutoka hasi kwa uongo.

Kuna jambo la ngozi yetu ambalo wahudumu wenzangu naomba mlisikie vizuri. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha mkono mweupe wenye duara jekundu, na anayejifunza kwa picha hizo huja kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na kipimo chanya huandikwa hasi. Tusitafute rangi. Tupitishe kidole taratibu juu ya ngozi tuhisi ukingo wa kivimbe, tuelekeze mwanga wa tochi kutoka ubavuni ili kitoe kivuli, tukizungushie kalamu, kisha tubandike selotepu juu yake na kuihamishia kwenye faili la mgonjwa. Kufanya hivyo ni kazi ya dakika moja, na mtu mwingine anaweza kukipima tena mwakani.

Dawa za kupimia zinatakiwa zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na hazipatikani kila mahali. Kwa baadhi ya vyakula tunatumia chakula chenyewe: mgonjwa anakuja na kamba mbichi au embe, tunatoboa chakula kwanza kisha ngozi kwa ncha ile ile. Njia hii ni halali na mara nyingine ni nzuri kuliko ya chupa, lakini isifanywe nyumbani wala pahali pasipo na adrenalini, dawa ya dharura ya shambulio kali la mzio, na mtu anayejua kuitumia.

Sasa nije kwenye damu, na hapa nitakaa kidogo. Kipimo cha damu hupima IgE ya kitu mahususi, na jibu huja kwa namba, ambapo maabara nyingi huhesabu kuanzia 0.35 kuwa chanya. Kinafaa kwa mtu asiyeweza kuacha dawa za mwasho, kwa mtoto ambaye pumu ya ngozi imemjaa mwili mzima hadi hapana pa kutoboa, na kwa mtu ambaye historia yake ni ya hatari. Lakini namba hizo ziliwekwa na watu wanaoishi mahali ambapo minyoo ni nadra. Sisi tunaishi na minyoo mviringo ya tumboni, safura na kichocho, na kazi ya kale ya IgE ni kupambana na viumbe hao. Ndiyo maana IgE ya jumla, ile ambayo maabara nyingi huandika kwa herufi kubwa ikiwa juu, haituelezi chochote kuhusu mzio wa mtoto wa hapa kwetu. Inaweza kuwa juu kwa sababu ya minyoo peke yake.

Tatizo linaingia hata katika IgE mahususi. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Ghana uliwakuta wengi wakiwa na IgE ya karanga katika damu, huku walioinuka kivimbe katika ngozi wakiwa wachache mno, na karanga wanazila bila madhara. Maelezo yake ni kwamba minyoo na kichocho vina sukari fulani juu ya protini zao, na karanga nayo ina sukari zinazofanana nazo, hivyo kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kichocho hushika karanga ndani ya chupa ya maabara bila kuleta ugonjwa kwa mtu. Katika visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako kichocho kimeenea, watafiti walikuta jambo linalofanana na hilo kuhusu wadudu wa vumbi: wenye IgE katika damu walikuwa wengi kuliko walioonyesha kivimbe katika ngozi. Kwa watoto wa Gabon, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba wenye kichocho walikuwa na vivimbe vichache zaidi kuliko wasio nacho. Minyoo inapandisha kipimo kimoja na kushusha kingine kwa mtu yule yule.

Afrika Kusini wamelifanyia kazi swali hili kwa uangalifu mkubwa. Waliwachukua watoto wadogo wa mjini Cape Town na wa vijijini katika jimbo la Eastern Cape, wakawapima ngozi, kisha wale waliotiliwa shaka wakalishwa chakula chenyewe hospitalini. Mzio wa chakula uliothibitishwa kwa njia hiyo ulikuwa kiasi cha asilimia 2.5 mjini na asilimia 0.5 kijijini, na watoto wenye alama katika ngozi walikuwa wengi kuliko hao mara kadhaa. Wale waliozidi, kwa karatasi peke yake, wangeambiwa waache mayai au karanga bila sababu.

Kumnyima mtoto chakula si tahadhari isiyo na gharama. Karanga, mayai, dagaa na maharage ndivyo vyakula vya kujenga mwili ambavyo familia ya kawaida inavimudu. Nimekutana na akina mama wanaonyonyesha walioambiwa waache samaki, mayai, maziwa na karanga kwa wakati mmoja kwa sababu ya karatasi ya maabara, na wakaishi kwa ugali na mchicha wakati mwili unahitaji zaidi kuliko wakati wowote. Kuna hatari nyingine pia: mtoto mwenye pumu ya ngozi aliyekuwa anakula chakula fulani bila shambulio, akiachishwa kwa muda mrefu, anaweza kupata mzio wa kweli wa chakula hicho siku atakaporudishiwa. Na mwaka 2015 majibu ya utafiti wa London kwa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa yalionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga mara chache sana kuliko walionyimwa. Kwa hiyo mtu asimwondolee mtoto chakula kwa sababu ya kipimo ambacho hakikuulizwa swali.

Kwa uchungu uleule naviongelea vile vipimo vya vyakula mia moja kwa tone moja la damu au kwa unywele, vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi. Vingi vya damu hupima kingamwili nyingine, iitwayo IgG, ambayo kila mtu huitengeneza kwa vyakula anavyovila kwa kawaida. Ukila wali kila siku utakuwa na IgG ya wali. Jumuiya ya wataalamu wa mzio wa Ulaya mwaka 2008, na ya Kanada mwaka 2012, zilitamka wazi kwamba kipimo hicho kisitumike kutambua mzio wa chakula. Cha unywele hakina msingi wowote. Fedha hizo mnunulieni mtoto mayai.

Maelezo na kivimbe vikipingana, njia ya kuamua ni kumlisha mgonjwa chakula hicho chini ya uangalizi. Tunaanza na chembe ndogo, tunasubiri kama dakika 20 au 30, tunaongeza, tunasubiri tena, hadi afikie kiasi cha mlo wa kawaida, kisha abaki nasi saa 2 au zaidi. Tukitaka uhakika kamili tunaificha karanga ndani ya uji, na siku nyingine tunampa uji usio na karanga, huku mama, mtoto na daktari anayemwangalia wote hawajui ni siku ipi. Kipimo hiki cha kulisha kinachukua nusu siku, kinahitaji kitanda, muuguzi asiyeondoka, na adrenalini iliyokwisha kukadiriwa kwa uzito wa mtoto, miligramu 0.01 kwa kila kilo, ya kudungwa kwenye msuli wa paja. Ni kipimo cha gharama kwa hospitali, na kwa maoni yangu ni hapo ndipo fedha za huduma hii zingepaswa kwenda kabla ya kununua mashine mpya. Kwa watoto wenye mzio wa maziwa au yai kirudiwe kadiri wanavyokua, kwa kuwa wengi wao hupona.

Upo mzio usiohusika na IgE kabisa, na dada zetu wanaupata kwa ajili ya harusi. Hina ya majani yenyewe ni salama kwa walio wengi. Piko, hata hivyo, siku hizi mara nyingi huchanganywa kwa unga wa rangi nyeusi ya nywele wenye kemikali ya parafenilinidiamini, na bibi harusi huamka siku ya pili au ya tatu maua yote ya mkononi yakiwa malengelenge yaliyofuata mchoro uleule. Kipimo chake ni cha kubandika, ambacho daktari wa ngozi Josef Jadassohn alikieleza mwaka 1895. Kemikali inawekwa kidogo sana kwenye vikombe vidogo, inabandikwa mgongoni, inakaa saa 48 bila kuloa, kisha ngozi inasomwa siku hiyo na tena siku ya nne. Jibu chanya la kipimo hiki huaminika, na aliyelipata asitumie tena piko wala rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali hiyo. Wabanguaji wa korosho wanaoungua mikono kwa mafuta ya ganda wengi wao hawahitaji hata kupimwa, kwa kuwa mafuta yale yanaunguza ngozi ya yeyote, wanahitaji glavu.

Namalizia na dawa. Wapo wengi hapa walioandikiwa "aleji ya penisilini" au "aleji ya salfa" tangu utotoni, na hawajui nani aliandika wala kwa nini. Marekani, ambako jambo hili limehesabiwa vizuri, mgonjwa mmoja kati ya kumi hivi ana maandishi hayo ya penisilini, na zaidi ya asilimia 90 ya hao wakipimwa huonekana wanaweza kuitumia. Wengi walitoka vipele vya virusi wakati wanakunywa amoksilini, na wengine walikuwa na mzio wa kweli ambao umekwisha kwa miaka kupita. Kwetu maandishi hayo yana gharama kubwa: mjamzito mwenye kaswende hana dawa nyingine ya kuaminika ya kumkinga mtoto aliye tumboni, na mtoto mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi anaitegemea sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4. Mtu aliyekuwa na vipele vidogo tu miaka mingi iliyopita anaweza kupewa dozi ya kumeza chini ya uangalizi hospitalini na kuondolewa maandishi hayo siku hiyohiyo. Mwenye historia ya kuvimba koo au kuzimia huanzia kwenye kipimo cha ngozi. Lakini aliyebabuka ngozi, aliyetoka vidonda mdomoni na macho kuwa mekundu baada ya salfa, nevirapini ya virusi vya UKIMWI au dawa nyingine yoyote, huyo asijaribishwe dawa hiyo tena maishani, si kwa kumeza wala kwa kipimo, kwa sababu shambulio la pili linaweza kumuua.

Tofauti ya watu hawa watatu haionekani katika maneno mawili "aleji ya penisilini". Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa zahanati na wa maduka ya dawa, mnapoandika mzio kwenye cheti au daftari la mgonjwa, andikeni jina kamili la dawa, tarehe, dalili moja moja, dakika au siku zilizopita tangu dozi ya mwisho, na tiba aliyopewa. Nanyi wazazi, msiondoke dirishani kabla hayajaandikwa.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Wenye watoto waliopata shida karibuni, tubaki tuzungumze mmoja mmoja, na mje na zile picha za kwenye simu.